Mikono Mitatu Katika Beseni Moja

Kama vidole vyako vinageuka vyeupe asubuhi unapofua, na kila uliye naye nyumbani anatia mkono kwenye maji yale yale na kukwambia hayana baridi, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari na sitajitia udaktari. Nilifunzwa kushona kofia, na maradhi haya nimeyajua kwa kuwa nayo, tena kwa miaka ambayo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Sasa yamenilegezea kamba kiasi cha kuweza kuyasimulia.

Naitwa Rahma. Niliolewa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba yenye kuta nene ambazo wageni huzisifu kwa ubaridi wake. Chini kulikuwa na chumba changu na mume wangu Seif, na ua wenye tangi la maji. Juu aliishi mama yake, Bi Kombo. Seif alikuwa karani. Mimi nilishona kofia za viua, zile za vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ambayo ukiimaliza macho yamechoka na miezi imepita.

Ilianza kipupwe cha mwaka wa Mapinduzi. Watu walikuwa na mambo makubwa ya kuwaza kuliko vidole vyangu, na mimi pia. Asubuhi moja nimemaliza kufua, nimekaa na kofia yangu, sindano ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nilipoangalia, kidole cha kati kilikuwa cheupe kuanzia ncha hadi kiungo cha pili, na pale weupe ulipokoma palikuwa na mstari, kama nimekichovya kwenye chokaa. Sikuhisi kitu. Baadaye kikawa cha buluu. Damu iliporudi kikawa chekundu, na hapo ndipo maumivu yalipokuja, moto na mchomo mpaka nikauma mtandio wangu.

Nilimwonyesha Seif. Akatia mkono wake tangini, akaukoroga, akanambia maji yenyewe kama yaliyoanikwa juani. Huyo mwanamume mikono yake ilikuwa ya moto saa zote, hata alfajiri akitoka kutawadha. Alinifikicha vidole huku akicheka kuwa kumbe kaoa samaki, nami nikacheka. Kwa vipupwe viwili tuliishi na jambo hilo kama mzaha wa chumbani. Hakuna mwingine aliyejua, kwa sababu ya hina. Kwetu mke wa mtu mikono yake haikosi hina, ncha za vidole na kucha zote, nyekundu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Kidole kikipauka chini ya rangi hiyo nani atakiona?

Kisha Seif akahamishiwa Pemba kwenye kazi ya karafuu, bila nyumba ya kumchukulia mke. Hapo nikaacha hina. Hakuna aliyenikataza, ila mwanamke ambaye mumewe hayupo akijipaka hina huulizwa, kwa macho kama si kwa mdomo, anampakia nani. Ikafifia mikononi, kisha ikaanza kusogea kwenye kucha, mpaka vidole vyangu vikabaki kama vilivyoumbwa. Kipupwe kikarudi, na safari hii sikuwa na pa kuvificha.

Wakati ule tulikuwa tukipanga foleni ya mchele tangu kungali na umande. Nilinyoosha mkono kupokea mfuko, na mama aliyekuwa nyuma yangu akaviona vidole vyangu. Alirudi nyuma, akaacha nafasi ambayo mtu mzima angeweza kusimama. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeshafika nyumbani.

Siku hiyo tulikaa kula kama kawaida, mimi, Bi Kombo na binti yangu Salma, ambaye alikuwa na miaka minne, tukizunguka sinia moja. Nilikuwa nimeosha mikono. Nilipoupeleka mkono kwenye wali, Bi Kombo aliuangalia, na wake ukasimama hewani. Alikula mpaka mwisho, kwa upande wake, taratibu. Kesho yake nilikuta sinia ni lao wawili na mimi nimewekewa sahani yangu kando, imefunikwa vizuri, na mchuzi wake.

"Nimekupakulia peke yako mwanangu, ule kwa raha zako," aliniambia.

Jioni hiyo hiyo akanyanyua godoro la Salma akalipandisha juu. Neno ukoma halikutajwa mle ndani, na halikuwa na haja ya kutajwa. Bi Kombo aliwahi kuwa na kaka aliyechukuliwa akiwa kijana akapelekwa kuishi na wagonjwa wenzake, na waliobaki nyumbani hawakumuona tena. Nilikuja kuambiwa baadaye. Siku zile nilijua tu kwamba mtoto wangu amekatazwa kuteremka ngazi.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu wanaougua vitu vinavyoonekana mikononi watalielewa. Maumivu si kitu. Mimi niliumia kwa kuwa hakuna aliyenigusa. Mwili wa mtu unazoea kuguswa bila mwenyewe kujua: mtoto anakuegemea, jirani anakushika bega akicheka, mwenzio anakuchagulia chawa ambaye hata hayupo. Yote yalikatika kwa wiki moja. Nilikuwa nikijishika mwenyewe mikono yangu, huu na huu, na yote miwili ilikuwa baridi.

Salma alikuwa akikaa kwenye kipandio cha juu kabisa na kunisimulia mambo ya siku: paka kazaa, bibi kavunja kikombe, mwalimu wa Kurani chuoni kapiga chafya akiwa katikati ya sura. Bi Kombo aliacha asimulie. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini nywele za Salma alizisuka yeye, na zilikuwa zimekwenda upande.

Miezi michache baadaye ikaja habari kuwa Seif anakuja likizo. Bi Kombo akateremka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na bakuli la hina mkononi. Alikuwa ameshaamua. Mwanawe asikute mke mwenye mikono kama ya maiti. Akute hina, kama inavyotakiwa mume akirudi, mengine Mungu atayasitiri. Nami niliitaka hina ile. Nilitaka Seif aniangalie siku moja tu kabla hajaanza kuniogopa.

Alinipaka kwa kijiti, mkono wake usikutane na wangu. Alipaka vidole vyote kumi mpaka kiungo cha pili, nzito, mbichi, akavifunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili isikauke upesi. Upepo wa kusi ulikuwa ukiingia uani. Hina ni kitu baridi, kila mwanamke anajua. Ndiyo maana mwenye homa hupakwa nyayoni. Nikamwambia vidole vinaniuma. Akasema nistahimili, haijakolea. Baadaye nikamwambia haviumi tena, naye akafurahi, akaona nimezoea. Kutwa nzima nilikaa nayo.

Ilipofunguliwa, rangi ilikuwa nzuri ajabu. Lakini ncha za vidole viwili hazikurudi. Siku ya pili zilivimba, ya tatu pakatoka jeraha ambalo lilikuwa jeusi katikati. Seif alifika nikiwa na hina ya bibi harusi na kitambaa kwenye vidole viwili. Aliushika mkono wangu pale mlangoni, akaukazia macho, akauachia. Ilipokuja sahani yangu ya pembeni alitazama sahani, akamtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa akala. Usiku huo alilala ukutani, mimi ukingoni, na katikati yetu pangetosha mtoto. Asubuhi akasema twende hospitali.

Benchi la wanawake lilikuwa upande mmoja wa veranda, la wanaume upande wa pili. Nilikaa na mikono ndani ya buibui. Waliokaa karibu yangu waliulizana maradhi kama watu wanavyoulizana habari za harusi, huyu mgongo, yule mimba, na kila zamu iliponifikia nilisema tumbo. Nilikuwa nikiomba kitu kimoja. Kama ni ukoma, wangeniondoa, na Salma angekua akiambiwa kulikuwa na mama. Sikuomba kupona, niliomba lisiwe hilo.

Daktari wa siku hiyo alikuwa mwanamume mwenye haraka. Alinichoma choma kwa sindano akiuliza kama nasikia. Nikamwambia nasikia, na machozi yalimthibitishia. Lakini alipotaka kuona kucha, zote zilikuwa nyekundu sawasawa. Alizibonyeza, akazigeuza kwenye mwanga, akatingisha kichwa. Akasema inaelekea si ukoma lakini hawezi kuapa, rangi hii imemficha kila kitu. Nipake dawa ya jeraha, nirudi kucha zikiwa safi, tena nirudi wakati wa baridi.

Wakati wa baridi ulikuwa umeshapita. Tulikuwa tunaingia vuli.

Seif akarudi Pemba na jibu nusu. Bi Kombo akalichukua lile neno hawezi kuapa akalikalia. Simlaumu sana, hata mimi nililikalia. Basi nikaanza kungoja kucha. Kila Ijumaa nilizitazama, nikaona hina imesogea mbele kidogo na ukucha mtupu umeifuata nyuma. Vuli ikanyesha, jeraha likakauka na kuondoka na nyama kidogo. Mpaka leo ncha za vidole hivyo viwili zimechongoka. Kaskazi ikaja na joto lake, na vidole vyangu vikawa vyekundu, vizuri, vizima kabisa, kama vimenisingizia. Nilikuwa nakaa uani jua la mchana wakati watu wote wamejificha, nimefungua viganja. Ungeniona ungesema mwanamke huyu kichwa kimemruka. Masika hina ilikuwa ukingo tu mwembamba. Nikaukata, nikaufukia uani, nikangoja baridi kama watu wanavyongoja Idi.

Kipupwe kilipoingia Seif aliomba ruhusa akaja. Asubuhi ya kwenda hospitali Bi Kombo akatokea mlangoni amevaa buibui lake la kutokea. Alisema anataka asikie kwa masikio yake, asije akaletewa maneno yaliyokwisha kupikwa. Tukatoka watatu, yeye mbele.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke, mgeni kutoka ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa maneno ya salamu tu. Nesi mmoja wa kwetu ndiye aliyemtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza mambo ambayo sikuyatazamia: kama natafuna tambuu, na kama natia tumbaku. Nikakiri natia, tena naipenda. Aliuliza pia nilipokuwa na mimba ya Salma hali ilikuwaje, nikamwambia siku zile yalikuwa hayajaanza. Kisha akaagiza beseni la maji na kipande cha barafu.

Niliingiza mkono. Seif alikuwa amesimama nyuma, na yule daktari akamwashiria naye atie wake. Akatia, huku akitabasamu kwa aibu. Mikono yetu ikawa ubavu kwa ubavu ndani ya maji, na nilijua hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa karibu mwaka mzima kwa ngozi yake kukaa karibu na yangu bila kusogea. Kisha daktari akamgeukia Bi Kombo. Bi Kombo akasema yeye si mgonjwa. Nesi akamwambia kwa adabu, "Tunajua Bi Kombo, ndiyo maana tunautaka mkono wako." Akakunja buibui, akatia, upande wa mwanawe, mbali na mimi.

Tulipotoa, wa Seif ulikuwa mwekundu, umechangamka, unafuka joto. Wangu ulikuwa na vidole vitatu vyeupe kabisa, na ule mstari. Lakini watu wote chumbani walikuwa wanautazama wa Bi Kombo. Vidole vyake vilikuwa vimepauka, na kucha zimeingia ubuluu. Si kama vyangu, ila vimepauka.

"Mbona mie sikuhisi kitu?" Seif aliuliza.

"Wewe mwanamume," nesi alimjibu, baada ya kumsikiliza daktari. "Damu yako inang'ang'ania ngozi hata kwenye baridi. Ya mwanamke huondoka upesi, inakimbilia ndani kulinda tumbo na moyo. Wanawake wote wako hivyo. Huyu mkeo yake inakimbia mno, na inasahau kurudi. Maji ni yale yale, lakini kwake si yale yale."

Bi Kombo alikuwa bado anautazama mkono wake. "Na ukoma?" Ndiye aliyelitaja, kwa sauti ndogo.

Daktari alilielewa neno hilo bila kutafsiriwa. Alivua glavu zake, akachukua vidole vyangu vyeupe akavifumbata kwa mikono yake mitupu, akaanza kuongea na nesi habari za vidonge huku amenishika, mpaka rangi ikarudi. Nililia, na si kwa mchomo. Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu una uzito gani.

Ningeweza kuishia hapo ikawa hadithi nzuri. Lakini nimeahidi kusema kweli kwa atakayesoma akiwa na maradhi haya.

Adhuhuri hiyo Bi Kombo aliweka sinia moja. Hakuomba radhi, alisogeza kipande kikubwa cha samaki upande wangu, na kwake hiyo ilikuwa ndiyo radhi. Nilikula kidogo. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo wakati wa mateso yenyewe, ikanikalia kifuani masika na vuli kadhaa. Kuishi naye niliishi, na alipougua nilimuosha kwa mikono hii hii, lakini ule mwaka haukurudi kwa mtu yeyote.

Na Salma aliteremshwa na godoro lake. Nilimwita aje nimsuke. Alikuja, akakaa mbele yangu, na vidole vyangu vilipomgusa shingoni aliruka kama kaguswa na konokono. Hakufanya kusudi, alikuwa amefunzwa. Mtoto alirudi chumbani lakini hakurudi mikononi. Miaka yote alikuwa mtoto mzuri, mtiifu, shikamoo mama asubuhi na jioni, na kila nikinyoosha mkono alipata kazi ya kufanya mahali pengine. Nilizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Kuhusu maradhi, nitasema yaliyonifaa. Tumbaku niliiacha, na huo ulikuwa msiba mdogo. Tambuu bila tumbaku ni majani tu. Usivipeleke vidole vilivyokufa kwenye maji ya moto, maana havijui kipimo na vitaungua. Vitie kwapani mwako, ndiyo jiko la karibu kuliko yote. Funika kifua na tumbo, kwani damu hutoka mikononi ukipatwa na baridi popote. Foleni nilikwenda na soksi za Seif mikononi, watu wakacheka, nikawaacha wacheke. Nilipopata mimba ya pili nilikaa kipupwe kizima bila kidole kunigeuka, na mtoto alipozaliwa yakarudi. Vidonge vilinisaidia vilipopatikana. Hina napaka, kwa siku za joto, nyembamba, na naacha ukucha mmoja mtupu ili nijue kinachoendelea ndani.

Kofia nimerudi kushona. Si nyingi, na sindano inaanguka bado, lakini sasa naiokota tu.

Kipupwe kilichopita Salma alikuwa na miaka kumi, mrefu, mwenye maneno machache. Asubuhi moja alikuwa tangini anafua sare zake za skuli, mimi nikiwa kizingitini na kofia. Nikasikia maji yamenyamaza. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu, na mikono ameiweka nyuma. Mdogo wake wa kiume akamuuliza ana nini, naye akamwambia aende zake akacheze. Alingoja mpaka akaondoka, kisha akaitoa mikono na kuinyoosha, bila kunitazama usoni. Vidole vinne vilikuwa vyeupe hadi kiungo cha pili.

"Mama," alisema. "Mama, na mie."

Nilitakiwa kuogopa, na hofu ilikuja baadaye, na bado ninayo. Lakini jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa furaha. Niliitia mikono yake kwapani kwangu, huu na huu, nikaibana. Ilikuwa baridi kama ya maiti, na hakuiondoa.